Geuka, Kanku

Ndugu yangu Bherulal ni mtu mkubwa Mumbai. Huko wanamwita Bhairav-ji, wanamvisha mashada ya maua shingoni, na kwenye televisheni wanamuuliza siri ya kipaji chake. Yeye hutabasamu, hugusa kifua na kusema, "Ni udongo wa nyumbani." Kila nikiliona tabasamu hilo natamani niivunje televisheni ya watu. Huo udongo wa nyumbani anaousema ni dada yetu, na yeye ndiye aliyemuuza.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikipandwa na hasira huwa naruka maneno.

Kijijini kwetu maiti haendi kuchomwa moja kwa moja. Hutolewa nyumbani kichwa kikiwa mbele na miguu nyuma, ili uso wake uendelee kuitazama nyumba. Nje ya mashamba kuna Jiwe la Kugeuzia. Hapo wanaume hutua jeneza la mianzi, wakalizungusha, na tangu hapo marehemu huutazama moto. Sisi wanawake hatulivuki Jiwe. Ila kabla ya kuzungushwa tunamwimbia, na wimbo wenyewe una mistari mitatu tu. Hapa nilipoandika "fulani" ndipo huwekwa jina la marehemu.

Geuka, fulani, tazama mara moja.
Mlango uko wazi, jiko lina moto.
Umekwisha kuona, sasa nenda, usigeuke tena.

Basi. Hauimbwi chini ya paa, hauimbwi kama hakuna aliyekufa, na jina likishaimbwa halirudiwi. Marehemu akiitwa tena atageuka tena, na akigeuka hatamwona mtu, kwa sababu sisi tumekwisha kurudi nyumbani kuoga. Atabaki hapo njiani akizungukazunguka. Hata katika mazungumzo tunasema "yule mtoto" au "yule mzee". Kuandika si kuimba, ndiyo maana naliandika jina la dada yetu.

Alikuwa Kanku, mdogo wangu anayenifuata. Nyoka alimuuma akikata majani ya ng'ombe, na sisi tulikuwa tunamshonea sketi za harusi. Baba alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo Bheru, mtoto wa kiume pekee, ndiye aliyetangulia mbele na chungu cha moto. Mwenye chungu hasimami na hatazami nyuma. Alilipita Jiwe akaendelea kutembea, na sisi nyuma yake tukaimba. Shangazi Sosar ndiye huanzisha siku zote, lakini siku hiyo sauti ilimkatika, na mama yetu, Dhapu, akaanzisha mwenyewe. Mama mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyeisikia sauti ile siku ile hakuisahau.

Bheru hakuisahau. Aliiweka akiba.

Alikwenda Mumbai na ngoma yake, akapigia watu kwenye studio za filamu, kisha akaanza kutunga. Mimi nilikuwa nimerudi kwa Mama baada ya kufiwa na mume wangu. Tulijua habari za Bheru kwa simu tu, mpaka Diwali moja akaja na masanduku ya peremende na miwani ya jua ambayo hakuivua hata alipoingia jikoni. Mama alikuwa anakanda unga wa mahindi.

"Mama, acha hiyo mikate kidogo," akasema. "Nina zawadi yako. Sikiliza."

Akaweka simu juu ya mtungi. Kwanza zikaja ngoma, haraka haraka, za kurusha mabega. Halafu msichana akatokea, kitovu nje, nyuma yake wanaume wengi wamevaa vilemba vya rangi ambazo kwetu hazivaliwi hata na mwendawazimu. Akatikisa kiuno, na wanaume wakaimba:

Geuka, Kanku, nitazame mara moja.
Moyo uko wazi, mwili una moto.
Geuka, Kanku, geuka tena na tena.

Mikono ya Mama ikasimama ndani ya unga. Sauti ilikuwa ile ile ya Mama, panda shuka yake yote, ila imekimbizwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Jina hukulibadilisha," Mama akasema.

"Ningelibadilishaje, Mama? Nimemuenzi. Nchi nzima inamjua sasa. Watu wanawapa watoto wao jina hilo!"

"Nchi nzima inamwita," Mama akasema. "Wewe ukiitwa mara mbili uko chooni unatukana. Yeye anaitwa kutwa kucha."

Bheru akacheka. Naapa, alicheka! Alidhani ni mzaha wa kizee.

"Litoe jina," nikamwambia.

"Dada Barji, haiwezekani. Jina ndilo lililoushika wimbo. Bila jina ni nini kinabaki?"

"Basi utoe wimbo mzima. Urudishe."

"Wimbo si mbuzi, dada, nimfunge kamba nimrudishe. Umekwisha kwenda."

"Na hilo la tena na tena umelitoa wapi, wewe mwizi?"

"Ndivyo ulivyo," akasema, ananikodolea macho. "Nimepamba kidogo tu."

Nilitaka kumtupia ule mstari wa tatu usoni. Lakini tulikuwa chini ya paa, siku ya sikukuu, taa zimewashwa kwa ajili ya baraka ya nyumba, na Mama alinitazama. Nikaumeza. Bheru aliondoka siku ya tatu amenuna, akiwalalamikia majirani kwamba nyumbani kwao hawathamini sanaa.

Baada ya hapo wimbo ulituangukia kama nzige. Ulikuwa kwenye trekta, kwenye kinyozi, kwenye simu ya mwalimu. Hakuna harusi iliyopita bila wimbo huo. Kisha ukaingia kwenye honi za malori, na hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu naye ana siku za kutuchoka, kwa sababu barabara kuu inapita karibu kabisa na Jiwe la Kugeuzia. Kila lori likifika kwenye kona ile hupiga honi. Pipi-pii pii-pii. Geuka, Kanku. Maneno hayamo, lakini nani hayajui?

Mama alikuwa akiketi barazani, na kila honi ikilia alishtuka na kutazama upande wa Jiwe. Hakulia. Ningependa angelia.

Harusi ya binti wa Ambalal, jirani yetu, ndiyo iliyomtoa nyumbani. Tulikuwa tumealikwa, tumekaa na wanawake, tunakula. DJ mwenyewe alikuwa Lokesh, kijana wa kijiji cha pili, na spika zake zilikuwa ndefu kuliko milango yetu. Alipouweka wimbo ule vijana wakapiga mbinja. Mama akaweka sahani chini, akashika fimbo yake, akakata katikati ya wachezaji. Watu wakampisha wakidhani kizee kimepandwa na furaha, wengine wakampigia makofi. Akafika kwenye mitambo, akaanza kuvuta nyaya.

"Bibi! Bibi, utapigwa na umeme!" Lokesh akapiga kelele.

"Bora nipigwe mimi. Zima."

"Bibi, wimbo wenyewe ni wa mwanao! Wewe ndiye wa kucheza mbele!"

"Mwanangu ndiye huyo unayemwita," Mama akasema, na akavuta. Harusi nzima ikanyamaza. Ukasikika mlio wa kijiko kimoja tu, cha mtu aliyekuwa bado anakula.

Ambalal alikuja mbio, kilemba kimemlegea. "Mama Dhapu, nakuheshimu kama mama yangu, lakini leo ni siku ya binti yangu. Unaniletea nuksi mlangoni."

"Nuksi unaipiga wewe kwa spika, Ambalal. Huo ni wimbo wa maiti. Mama yako tulimwimbia huo huo."

"Ule ni mwingine," akasema, lakini macho yake yalikimbia. "Ule ni wa polepole."

Ule ni wa polepole! Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya yote. Watu wa kijiji changu, waliokua wakiusikia wimbo ule, waliowasindikiza wazazi wao kwa wimbo ule, wameshajifundisha kutousikia. Ukiuongezea mwendo hawaujui. Nilimshika Mama mkono, tukaondoka, na hatujafika hata kwenye kisima spika zikaanza tena, pale pale zilipokatwa.

Kuanzia siku hiyo wahuni wakapata mchezo. Mama akipita kwenda dukani, mmoja anauchezesha kwenye simu na wenzake wanachungulia. "Mama Dhapu, geuka basi!" Nilimkamata mmoja wao, nikamchapa kwa ufagio mpaka mama yake akaja kunigombeza. Nikamwambia akitaka na yeye ufagio upo. Tulitukanana kisawasawa, nami sijutii hata neno.

Lakini Mama alichoka. Ilipofika majira ya kuvuna ngano hakuweza kutoka kitandani. Alikunywa maziwa kidogo, basi. Siku moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni, lori likapiga honi kule konani, na yeye akanishika kifundo cha mkono.

"Barji. Siku yangu msiniimbie."

"Mama, maneno gani hayo?"

"Msiniimbie, na msinigeuze. Mnipitishe pale vile vile, uso nyuma. Nataka nibaki pale Jiweni."

"Watu hawabaki pale, Mama. Unajua wewe mwenyewe. Anayebaki pale hafiki."

"Yule mtoto amebaki," akasema. "Yuko peke yake pale. Mimi nikafike wapi?"

Niliendelea kumpaka mafuta mguu ule ule ambao nilikuwa nimekwisha kuupaka.

"Niahidi."

"Nakuahidi."

"Ndugu yako atakataa. Ana mdomo yule."

"Na mimi nina mdomo, Mama. Ananijua."

"Safari hii hautakusaidia," akasema, na nadhani alitabasamu. "Safari hii ufunge tu."

Mama alikufa asubuhi, mikate ya kwanza ikiwa jikoni. Bheru alifika kwa ndege mpaka Udaipur na kutoka pale kwa gari, na hakuja peke yake. Alikuja na wanaume wawili wa Mumbai waliovaa nguo nyeupe mpya kabisa, bado zina mikunjo ya dukani. Bheru alimwangukia Mama miguuni akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Sitamsingizia. Lakini nyuma yake mmoja wa wale wawili alikuwa ameinua simu.

"Yule anafanya nini?" nikauliza.

"Ni kumbukumbu tu, dada," Bheru akasema, anafuta macho. "Wanataka waupate wimbo wenyewe, ule wa asili, jinsi wanawake wetu wanavyouimba. Kwa ajili ya Mama. Ili dunia ijue ulitoka kwake."

Nilimtazama mpaka akageuza macho. Mama alikuwa hajapoa, na mtu huyu amekuja kuchukua masalio.

Nilikwenda kwa Shangazi Sosar, nikamnong'oneza aliyoyataka Mama. Sosar ni wifi yake Mama, amekula chumvi nyingi kuliko sisi sote, na nilijua kwamba bila yeye ahadi yangu ni maneno matupu. Alitafuna ufizi wake kwa muda.

"Ni dhambi kutomgeuza mtu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Dhapu alikuwa mkaidi tangu alipoolewa hapa," akasema, akajifunika ushungi. Sikujua kama amekubali au amekataa.

Kesho yake asubuhi tukaenda. Bheru mbele na chungu cha moto, jeneza nyuma yake kwenye mabega ya wapwa zetu, na sisi wanawake mwisho. Yule mtu wa simu alikuwa anakimbia pembeni shambani, anakanyaga ngano ya watu. Tulipofika kwenye Jiwe wanaume wakatua jeneza, na kuhani akamwashiria Sosar aanze.

Sosar akachukua pindo la ushungi wake, akaliweka mdomoni, akaliuma kwa meno.

Wanawake wote wakamtazama. Halafu mmoja akafanya vile vile, na wa pili, na mke wa Ambalal, na hata mama wa yule mhuni niliyemchapa. Mimi pia nililiuma la kwangu.

"Imbeni, mama zangu," kuhani akasema. "Jua linapanda."

Bheru hakutakiwa kusimama, lakini alisimama. Hakutakiwa kutazama nyuma, akatazama. "Dada. Dada Barji. Usinidhalilishe mbele ya watu."

Nilitoa ushungi mdomoni. "Watu gani? Hao wenye simu?"

"Mama anataka wimbo wake!"

"Mama amekataa. Haimbiwi na hageuzwi. Ameniambia kwa kinywa chake."

Wanaume wakaguna. Kuhani akasema haijawahi kutokea. Bheru uso wote ulimvimba. "Hakuna mama anayesema hivyo! Ni wewe, ni chuki yako. Hutaki kuimba? Basi nitaimba mimi."

Akaimba. Alifumba macho, akaimba mstari wa kwanza akiwa na jina la Mama, na nusu ya kwanza aliweza. Ilikuwa polepole, na koo lile ni la Mama kabisa. Kisha kidole chake kikaanza kugonga chungu. Hakukituma. Kilianza chenyewe, ta-taka ta-taka, na wimbo ukafuata kidole. Alijaribu kuurudisha. Nilimwona akijaribu, jasho linamtoka, lakini ulikuwa umekwisha kumponyoka. Yule mtu wa simu alikuwa anatikisa kichwa kufuata mapigo. Mstari wa pili ukaja mbio. Na alipofika wa tatu akaimba, kwenye jeneza la mama yake mzazi:

"Geuka, Dhapu, geuka tena na tena..."

Wanawake wakapiga ukelele wa hofu, ushungi ukawatoka midomoni. Sosar alimwendea na gongo, nikamshika.

"Nini?" Bheru akasema. "Nimekosea nini? Si ndivyo ulivyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa hakukunipoza hata kidogo. Siku ya Kanku alikuwa ametangulia na moto. Aliposikia mstari wa pili alikuwa anatembea, na sisi tulipofika wa tatu yeye alikuwa mbali. Siku ya Baba pia yeye ndiye aliyebeba chungu, na kwenye misiba ya wengine alitangulia na ngoma yake. Hajawahi kuusikia. Aliuchukua wimbo ambao haujaisha, akaubandika mkia wa kwake huko Mumbai, na mkia huo ndio unaomzungusha dada yetu njiani mpaka leo.

"Una mstari wa tatu," nikamwambia.

"Upi? Niambie. Dada, niambie, nitaubadilisha, nitawaambia wote, naapa..." Na nyuma yake ile simu ikasogea karibu, jicho lake limefunguka.

Tulikuwa nje, hakuna paa, na maiti yupo. Ningeweza kuuimba. Nilikuwa nao hapa kwenye ulimi. Badala yake nikalichukua tena pindo la ushungi, nikaliuma.

Sosar akamgeukia kuhani. "Mpitisheni," akasema. "Dhambi niandikieni mimi, sina siku nyingi za kuibeba." Na kwa kuwa ni yeye, wanaume wakainama, wakainua jeneza bila kulizungusha. Mama akaenda uso nyuma, anatutazama sisi na lile Jiwe, mpaka ngano ikamficha. Bheru alitangulia akiyumba. Yule mtu wa simu alibaki amesimama kwenye ngano, akiitazama simu yake.

Desturi ni kwamba hapo wanawake hurudi kuoga. Hatukurudi mara moja. Tulikuwa tumesimama hivyo hivyo lori lilipokuja kwenye kona, limejaa marumaru, na dereva akapiga honi. Pipi-pii pii-pii.

Sosar aliokota jiwe. Nikamkamata mkono.

"Acha, Shangazi," nikasema. "Leo acha limwite."

Dereva akapiga tena, ndefu, yote mpaka mwisho. Nami kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika mtoto yule katika moto, nikalitaja jina lake kwa kinywa, nikilitazama Jiwe.

"Geuka, Kanku. Mama yupo."

Jioni Bheru alinijia ananuka moshi, kichwa kimenyolewa, miwani hana. Aliketi chini mbele yangu kama zamani, akaniuliza mstari wa tatu unasemaje. Nilimwekea mkate na maziwa, maana alikuwa hajala tangu asubuhi. Kijijini hakuna aliyekubali kumwambia. Alipiga simu wiki iliyofuata kuniuliza, na mwezi uliofuata, na juzi amepiga tena. Sijamjibu.